Mvumo wa Masikioni na Dawa ya Puani: Je, Kujaribu Dawa Ni Kukosa Imani?



Liko swali ambalo walimu wa Injili huulizwa mara kwa mara, wala si jepesi kulijibu. Mkristo ameombewa, naye hajapona. Je, akienda kujaribu dawa, ni dalili kwamba hakuamini? Na ikiwa dawa nayo haikumfaa, aseme nini mbele ya wale waliomwombea na wale waliompa dawa? Leo na tulitazame neno hili kwa mfano wa ugonjwa usioua, maana penye hofu ya mauti watu hawawezi kufikiri kwa utulivu. Ugonjwa huo ni mvumo wa masikioni.

Na tuseme yuko mrina asali mmoja katika nchi ya Sikonge, kusini mwa Tabora, penye misitu ya miombo ambamo watu hurina asali tangu siku za misafara. Umri wake ni miaka 55. Desturi yake ni kutia sikio penye mzinga apate kujua kama nyuki wamo. Sasa yapata miezi kadha, nyuki wanavuma katika kila mzinga, hata ulio mtupu. Huvuma nyumbani, huvuma kanisani. Na usiku, kijiji kikiisha kunyamaza, huvuma kuliko mchana, naye hapati usingizi. Mkewe hasikii kitu. Wazee wa kanisa wamemwombea. Jirani amemnong'oneza kwamba amerogwa. Mwanawe aliye mjini Tabora amemletea kichupa cha dawa ya kupuliza puani, akamwambia, "Baba, jaribu hii, maana pua na sikio ni ndugu." Mzee amekiweka kichupa juu ya kabati wala hakigusi. Anaogopa kwamba akipuliza ataonekana ameyadharau maombi. Tena anaogopa kwamba akipuliza asipone, tumaini lake litakuwa limekwisha.

Hofu hizo mbili si za kuchekwa. Lakini kabla ya kuzijibu ni haki tuulize kwanza kama kijana amesema kweli, kwa kuwa hatuwezi kuamua jema na baya juu ya jambo tusilolijua.

Ni kweli kwamba pua na sikio zimeungana. Nyuma ya pua, pale inapokutana na koo, uko mrija mwembamba uendao mpaka chumba kidogo kilicho nyuma ya kiwambo cha sikio. Bartolomeo Eustachi, tabibu wa Italia, aliueleza katika karne ya 16, na hata leo unaitwa kwa jina lake. Kazi yake ni kuingiza hewa nyuma ya kiwambo. Tukimeza mate na kusikia kitu kama mlio mdogo masikioni, ndio mrija huo unaofunguka. Mtu akiwa na mafua, au pua yake ikivimba kwa vumbi na chavua, mrija huweza kuziba. Ndipo sikio hujiona zito, na pengine huvuma.

Yuko msafiri mmoja aliyeijua njia hiyo kwa uchungu. John Hanning Speke alifika Kazeh, yaani Tabora, mwaka 1857 pamoja na Richard Burton, wakaendelea mpaka ziwa la Tanganyika. Mwaka 1858, alipokuwa akivuka ziwa hilo kwa mtumbwi, alilala kisiwani usiku wa dhoruba. Wadudu wakaijaa hema yake kwa sababu ya mwanga wa mshumaa, na mmoja, mdogo, mwenye gamba gumu, akamwingia sikioni akaanza kuchimba. Speke alimimina siagi iliyoyeyushwa, isifae. Kisha akatwaa kisu kidogo akamchoma mdudu. Mdudu akafa, lakini sikio likajeruhiwa vibaya. Uso ulivimba, usaha ukatoka, akawa kiziwi kwa sikio hilo, na vipande vya mdudu viliendelea kutoka miezi mingi. Yeye mwenyewe aliandika kwamba tangu siku zile kila alipopenga kamasi sikio lake lilipiga mluzi, hata watu waliokuwa karibu wakacheka. Alidhani uvimbe ule umetoboa njia kati ya sikio na pua. Yaelekea njia ilikuwapo tangu kuzaliwa kwake, na kilichotoboka ni kiwambo.

Basi kijana hakusema uongo. Walakini hakusema yote. Mvumo wa masikioni una vyanzo vingi, na kuziba kwa mrija ni kimoja tu. Mara nyingi chanzo ki ndani zaidi, katika sehemu ya sikio iliyojikunja kama konokono. Humo vimo vinyweleo vidogo sana vipokeavyo sauti na kuzipeleka kwenye mshipa wa fahamu. Vinyweleo hivyo vikiharibika kwa uzee, au kwa kelele za mashine ya kusaga, za misumeno ya mbao, na hata za vipaza sauti tunavyoviweka karibu mno na viti kanisani, haviponi tena. Ubongo nao, ukikosa sauti uliyoizoea, hujitungia mvumo wake wenyewe. Nta iliyojaa sikioni nayo huweza kuleta mvumo. Kadhalika baadhi ya dawa. Wazee wetu wanaikumbuka kwinini jinsi ilivyovumisha masikio, nao wasafiri wa njia ya misafara waliijua vivyo hivyo. Livingstone, aliyekaa Kwihara karibu na Tabora mwaka 1872, aliihesabu kelele ya masikio kuwa alama kwamba kwinini imekwisha kutosha mwilini. Mvumo wa namna ile kwa kawaida hukoma dawa ikiachwa.

Dawa ya kupuliza puani basi inaweza kumfaa nani? Ziko za namna mbili zitumiwazo sana. Ya kwanza hukaza mishipa ya damu puani na kuifungua pua upesi, lakini haifai kutumiwa zaidi ya siku chache. Mtu akiizoea, pua huziba tena kwa sababu ya dawa yenyewe. Ya pili hupunguza uvimbe polepole, nayo hutumiwa kwa wale ambao pua zao huvimba kwa vumbi na chavua. Kazi yake huonekana baada ya siku nyingi, pengine majuma. Ikiwa sikio huvuma kwa sababu pua imevimba, pua ikipona sikio nalo laweza kupata nafuu. Lakini ikiwa vinyweleo vya ndani vimeharibika, dawa ya puani haifiki huko. Matabibu wa Marekani wa masikio, pua na koo, walipotoa mwongozo juu ya mvumo wa kudumu mwaka 2014, hawakushauri kutoa dawa kwa desturi. Walishauri vifaa vya kusikilizia kwa wasiosikia vema, na mafundisho ya kumsaidia mgonjwa aishi na mvumo bila kutawaliwa nao.

Hayo ndiyo tunayoyajua. Kichupa kile kinaweza kumsaidia mzee, wala si yakini. Sasa na tulirudie swali letu, tukishika Katekismo Ndogo mkononi, maana amri tatu zina neno la kutuambia.

Amri ya tano hutukataza kuua, nasi tumefundishwa tangu utoto kwamba maana yake haiishii katika kutomwaga damu. Hutuagiza pia kumsaidia jirani katika mahitaji ya mwili wake. Na kama mwili wa jirani ni amana, mwili wangu nao ni amana. Asiyelala usiku hukasirika mchana. Hutukana watoto, huacha kazi, huchoka hata kusali. Kuutafutia mwili huo msaada ni utii. Someni habari za Hezekia katika 2 Wafalme 20. Mungu alikuwa amekwisha kumwahidi mfalme kwa kinywa cha nabii kwamba atapona. Na baada ya ahadi hiyo ndipo Isaya alipoagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Kama dawa ingekuwa dharau kwa ahadi ya Mungu, nabii asingaliiagiza. Bwana wetu naye, katika Marko 7, alipoletewa kiziwi, alitia vidole vyake masikioni mwa mtu yule, asione haya kuugusa mwili uliokuwa na shida. Na Paulo alimshauri Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Hakumwambia kwamba tumbo linaloumwa ni upungufu wa imani.

Martin Luther mwenyewe aliujua ugonjwa huu. Tarehe 6 Julai 1527, huko Wittenberg, alishikwa na ngurumo kubwa katika sikio lake la kushoto, akazimia, akadhani anakufa. Rafiki zake Bugenhagen na Jonas waliyaandika yaliyotokea. Mwaka 1530 alikaa katika ngome ya Coburg, huku wenzake wakiyasoma Maungamo ya Augsburg mbele ya Kaisari tarehe 25 Juni. Katika miezi ile kichwa chake kilinguruma kama radi, hata siku nyingine hakuweza kusoma wala kuandika. Siku alizopata nafuu aliendelea kuwatafsiri manabii na kuieleza Zaburi ya 118. Na katika mwaka ule ule wa 1527, tauni ilipoingia Wittenberg, aliandika kitabu kidogo kujibu swali kama Mkristo anaweza kuikimbia mauti. Humo aliwakemea waliokataa dawa kwa kisingizio cha kumtumaini Mungu, akafundisha kwamba Mungu ndiye aliyeziumba dawa na kutupa akili tuzitumie.

Ni kweli kwamba Luther aliihesabu ngurumo ya kichwa chake kuwa pigo la Shetani. Hatuna sababu ya kulificha neno hilo. Lakini tuangalie tusilitumie vibaya. Yeye alisema juu ya mateso yake mwenyewe, akamshitaki Shetani. Hakumshitaki mwanamke mzee wa nyumba ya pili. Siku hizi matabibu wengine wamedhani kwamba alikuwa na ugonjwa wa sikio la ndani uitwao kwa jina la Ménière, tabibu Mfaransa aliyeueleza mwaka 1861. Anayemwambia mrina asali kwamba amerogwa hampi dawa wala faraja, humpa adui. Uchawi ukiisha kutajwa kijijini, mvumo wa sikio moja huweza kuwa damu ya mtu asiye na hatia. Hapo nako amri ya tano inasimama mlangoni.

Amri ya nane ni ya ushuhuda wa kweli, na hapa ndipo penye hatari ambayo twaisahau. Mzee akikipuliza kile kichupa, jirani watamwuliza, "Je, umepona?" Na kule kanisani watamwuliza vivyo hivyo juu ya maombi. Kuna mtu ambaye, kwa kuwa hataki kuwahuzunisha waliomwombea, husema, "Nimepona, Bwana asifiwe," hali masikio yake yanavuma wakati ule ule. Anadhani anamheshimu Mungu. Lakini Mungu hahitaji kuheshimiwa kwa uongo, na uongo ule humdhuru jirani. Mwingine mwenye mvumo, akisikia ushuhuda ule, atajiuliza, "Kwa nini mimi sikupona? Bila shaka imani yangu ni mbovu." Au atauza mbuzi wake anunue dawa ile ile, kwa kuwa fulani alisema imemponya. Kwa neno moja la kupendeza amelemewa ndugu wawili.

Paulo hakufanya hivyo. Mtume huyu, ambaye kwa mikono yake wagonjwa waliponywa, aliandika wazi katika 2 Timotheo 4:20 kwamba alimwacha Trofimo huko Mileto, hawezi. Hakuona aibu kuandika kwamba mwenzake katika kazi alikuwa mgonjwa na hakupona. Hakumlaumu Trofimo. Hakutafuta maneno ya kufunika.

Na kusema kweli juu ya dawa isiyofaa ni tendo la upendo, kama tunavyoweza kujifunza kwa habari za ukoma. Ndugu zetu Wamoravian walipokea kituo cha Urambo kutoka kwa London Missionary Society mwaka 1898, na baadaye kazi yao ikafika Sikonge, ambako pamoja na hospitali walikuwa na kijiji cha kuwatunza wenye ukoma. Katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20, dawa iliyotumainiwa katika nchi nyingi ilikuwa mafuta ya chaulmugra, yatokayo katika mbegu za miti ya Asia. Wagonjwa walidungwa sindano zake mara kwa mara, nazo ziliuma sana. Wengi walitumaini, waliopona kweli walikuwa haba. Laiti wagonjwa wote wangalisema, "Tumepona," ili kuwafurahisha waganga wao, nani angaliendelea kutafuta? Kwa kuwa watu walisema kweli kwamba mafuta hayatoshi, utafutaji uliendelea. Mwaka 1941 huko Carville, Marekani, matabibu walianza kuijaribu dawa ya namna nyingine iitwayo Promin; ikafuata dapsone; na tangu miaka ya 1980 dawa tatu kwa pamoja zimewaponya watu kwa mamilioni. Kila mgonjwa aliyejaribu dawa bila kupona, akasema kweli, aliweka jiwe moja katika msingi wa uponyaji wa wengine. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio kitamfichua. Sisi tunaweza kuongeza kwamba anayeficha kutopona kwake huwafungia wengine njia.

Imebaki amri ya kwanza. Hapa hatuulizi tena kama mtu ajaribu au asijaribu, bali moyo wake umetegemea nini. Luther katika Katekismo Kubwa alifundisha kwamba kile ambacho moyo umekitegemea na kukitumaini ndicho mungu wa mtu. Basi yuko mtu anayejaribu dawa kama mtumishi, na yuko anayejaribu kama mwabudu. Wa kwanza hutumia kichupa kimoja kwa muda uliowekwa, akaangalia, akaendelea na kazi. Wa pili hutoka kichupa kwa kichupa, kutoka hospitali kwa mwenye mizizi, kutoka kwa mwenye mizizi kwa nabii wa sokoni, mashamba yamekwisha kuuzwa, na kila siku asema, "Nikiisha kupona ndipo nitakapoanza kuishi, nitakapomshukuru Mungu, nitakaposameheana na ndugu yangu." Huyo mvumo wake umekuwa bwana wake, na kila dawa ni sadaka mpya kwake.

Lakini na tuangalie tena, maana iko ibada nyingine ya uongo iliyojificha zaidi. Ni ya yule asiyejaribu kitu kwa sababu anaogopa kupoteza tumaini. Kichupa kilichofungwa juu ya kabati kinampendeza, maana kingali kikiweza kumponya maadamu hajakifungua. Hilo nalo ni tumaini lililowekwa mahali pasipo pake. Tumaini la Mkristo halimo katika kichupa. Kwa hiyo anaweza kukifungua bila hofu. Kikimfaa, atashukuru. Kisipomfaa, amepoteza fedha kidogo, wala hakupoteza Mungu wake. Paulo aliomba mara tatu mwiba wake uondolewe, kama tusomavyo katika 2 Wakorintho 12. Haukuondolewa. Lakini angalieni kwamba aliomba kwanza; hakujifanya hodari wa kutoumia. Na alipopata jibu, akaishika neema, akaendelea na safari. Kuomba kuondolewa, na kupokea kisichoondolewa, vyote viwili vilikuwa vya mtu yule yule mwenye imani ile ile.

Kwa hiyo mrina asali wetu na ashauriwe hivi. Aende kwanza hospitali, sikio litazamwe, pengine ni nta tu. Ikiwa mvumo u katika sikio moja peke yake, au hupiga pamoja na mapigo ya moyo, au kusikia kumepotea ghafula, au kuna kizunguzungu au usaha, asikawie hata kidogo, maana hayo hutaka tabibu wa masikio, kama wale wa Bugando, KCMC au Muhimbili. Asitie sikioni njiti, unyoya wa kuku wala mafuta ya moto; akumbuke kisu cha Speke. Tabibu akikubali dawa ya puani, aitumie kama alivyoagizwa, mdomo wa kichupa ukielekea upande wa nje wala si kwenye ukuta ulio katikati ya pua, na kwa siku zilizowekwa tu. Aandike katika daftari jinsi alivyolala kila usiku. Siku hizo zikiisha, aseme kweli kama ilivyo. Na ikiwa mvumo umebaki, asilale katika kimya kabisa. Redio ya sauti ndogo au mazungumzo ya jamaa huufanya usisikike sana, na kwa wengi, miezi ikipita, moyo huacha kuushughulikia.

Na ninyi walimu wa Injili mnaokwenda kuwazuru wagonjwa, msiwaulize kwanza, "Umepona?" Swali hilo humlazimisha mgonjwa kuchagua kati ya kusema uongo na kuwahuzunisha. Mwulizeni, "Umelalaje, baba?" kisha sikilizeni jibu lake mpaka mwisho. Akisema mvumo ungalipo, msikunje uso. Ombeni naye tena, kama mlivyoomba jana, mkimwachia Bwana siku na njia. Kanisa ambalo ndani yake mtu aweza kusema bila haya, "Niliombewa, nilijaribu dawa, na bado sijapona," ni kanisa ambalo wagonjwa watakuja.

Neema ya Bwana wetu Yesu Kristo na iwe pamoja nanyi nyote.